Lori Lililolala Kushoto

Lori la kijiji cha Lumbwe lilikuwa limeegeshwa katikati ya banda la Fundi Kondo pale Msamvu, juu ya sakafu ya saruji, na hata mtu asiyejua gari angeona kwamba halijasimama sawa. Lilikuwa limelala kushoto. Si sana, kiasi cha mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Lakini lilikuwa tupu, halina hata kabichi moja ndani, na lori tupu halina sababu ya kuegemea upande.

Inspekta Ernest Mhando alilizunguka mara mbili. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenyeji wa Tanga, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu katika upelelezi Morogoro. Siku sita zilizopita, Ijumaa, lori hilihili lilikutwa limesimama kwenye kona moja ya barabara inayoteremka kutoka Mgeta, breki ya mkono imevutwa, ufunguo uko ndani, shehena ya kabichi haijaguswa. Dereva wake, Salum Mkoba, alikutwa bondeni, mita arobaini chini, amekwisha kufa. Waliofika kwanza waliandika kwamba mvua ilikuwa inanyesha, dereva aliteremka kujisaidia, akateleza. Jalada lilikuwa limebakiza sahihi moja tu lifungwe.

Aliyelizuia lisifungwe ni Mwamvita, mjane wa marehemu. Jumanne alishuka mlimani kwa miguu mpaka Mlali, akapata gari, akafika ofisini kwa Mhando na kanga ya msiba kichwani, akakaa kwenye benchi mpaka aliposikilizwa. Hakulia. Alieleza kwamba kwa wiki tatu mumewe hakuwa na raha na lori. Alirudi nyumbani akilizungumzia kama mtu anayemzungumzia mbwa wake aliyebadilika tabia: linalala, linavuta stelingi, halikuwa hivi mwanzo. Mwisho alimwambia mkewe kwamba Jumamosi angelipeleka kwa fundi Msamvu likaguliwe, apende asipende mtu. Ijumaa akafa.

"Apende asipende nani?" Mhando alimwuliza.

"Hakunitajia. Alifunga mlango kwanza ndipo akaniambia hayo, afande. Salum hakuwa mtu wa kufunga mlango."

Ndiyo maana asubuhi hii ya Alhamisi lori lilikuwa hapa. Fundi Kondo alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mabega mapana, mikono imejaa makovu ya chuma cha moto. Miaka ile vipuri vilikuwa adimu, na yeye alikuwa na sifa mji mzima ya kufufua springi iliyokufa kwa vipande vya springi nyingine. Mhando alimpa shikamoo, akamweleza anachotaka: aambiwe kwa nini lori hili linainama, basi. Habari za maiti hakuzigusa.

Kwenye benchi la ukutani alikuwa ameketi mtu wa tatu, Ndugu Stephano Lukwele, katibu wa kijiji cha Lumbwe. Alikuja na barua yenye mhuri, akiomba lori lirudishwe, kwani mboga za wanakijiji zilikuwa zinaoza shambani. Alivaa suti ya Kaunda ya kijivu, na viatu vyake vya kahawia vilikuwa vimepigwa rangi vikang'aa, ingawa mvua ya usiku ilikuwa imeigeuza Msamvu nzima kuwa tope. Aliongea kwa upole. Mhando alimwambia angoje, na Stephano akajibu kwamba kungoja hakumsumbui, yeye ni mtu wa vikao.

Kondo hakukimbilia kwenye springi. Alianza na tairi. Alipima upepo wa kila moja akazifanya zote kuwa sawa, akahakikisha zina ukubwa mmoja, kwa sababu, alisema, amewahi kumwona mtu akitengeneza springi wiki nzima kumbe tairi moja ni ndogo. Kisha akachukua tepu, akapima kutoka sakafuni hadi kwenye chesisi katika pembe nne. Mbele tofauti ilikuwa ndogo. Nyuma, kushoto kulikuwa chini kuliko kulia kwa inchi mbili na nusu. Aliandika kwa chaki juu ya bodi. Halafu akaomba lori litolewe nje, ligeuzwe, liingizwe kinyumenyume.

"Ya nini tena?" Stephano aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Kuipima sakafu," Kondo alisema. "Pengine gari liko sawa, banda langu ndilo limeinama."

Liligeuzwa. Likapimwa tena. Likalala kushoto vilevile, inchi mbili na nusu.

Ndipo fundi akajilaza chini na taa ya mkono. Hakukawia. Alitoka, akamwita Mhando, akamwonyesha springi ya nyuma kushoto: kati ya vyuma bapa vilivyopangwa tabaka, jani moja, la tatu kutoka juu, lilikuwa limekatika karibu na ncha. Stephano alisogea, akachungulia, akashusha pumzi. Alisema alijua tu, barabara ya Mgeta ni mbaya, na marehemu alikuwa na mguu mzito; kwa hiyo lifungwe jani jipya, yeye aondoke nalo kabla ya saa nane.

Maelezo yalikuwa mazuri, na Mhando alikaribia kuridhika nayo. Jani limevunjika, lori limelala, dereva ameona tatizo, ameogopa gari, basi. Hofu ya mume aliyefunga mlango ingeweza kuwa hofu ya barabara na kona zake tu. Alimtazama fundi. Kondo alikuwa anapitisha kidole mahali pale palipokatika, kisha akakiinua kidole kwenye mwanga. Kilikuwa chekundu kwa kutu.

"Hili lina mwaka," alisema. "Chuma kikikatika leo kinang'aa kama jino. Hiki kimelala kwenye kutu masika mawili. Na ni ncha tu. Haliwezi kushusha gari inchi mbili na nusu. Mimi nadhani tunaangalia upande usio wenyewe."

Akaenda nyuma ya banda lake, mahali palipoegeshwa lori jingine la aina ileile, la misheni fulani, lililoletwa kwa kazi ya injini. Hilo lilikuwa limesimama sawa. Alipima kutoka ekseli hadi kwenye chesisi, kushoto na kulia, akarudi akalipima la Lumbwe. Akarudia. Kisha akamwambia Mhando taratibu, akipangusa mikono kwa kitambaa, kwamba kushoto hakujashuka hata kidogo. Kushoto kuko vile gari lilivyotoka kiwandani, pamoja na jani lake lililokatika. Kulia ndiko kulikopandishwa.

Walihesabu. Springi ya kushoto ilikuwa na majani tisa. Ya kulia, kumi na moja.

Mhando alimgeukia katibu. Alimwuliza nani aliitengeneza springi ya kulia, na lini. Stephano alijibu bila kusita kwamba hakuna aliyeigusa. Kijiji kililinunua lori kwenye mnada Dar es Salaam miaka miwili nyuma, mkono wa tatu au wa nne, na wamelitumia lilivyo. Mhando akauliza kama Salum aliwahi kumlalamikia. Akajibu kwamba madereva hulalamika kila siku. Ijumaa alikuwa wapi? Alikuwa kijijini, kwenye kikao cha mabalozi wa nyumba kumi, wapo mashahidi. Kila jibu lilitoka limenyooka, na baada ya kila jibu aliitazama saa yake.

"Miaka miwili," Mhando alisema. "Na Salum aliliendesha miaka yote hiyo miwili?"

"Yeye tu."

"Akaanza kulalamika wiki tatu zilizopita."

Stephano alitabasamu kidogo, akasema mtu akitaka kuacha kazi hutafuta sababu.

Mhando alimchukua fundi pembeni, karibu na pipa la maji, akamwuliza ni kwa sababu gani mtu anaongeza majani upande mmoja. Kondo alisema sababu ni moja tu ulimwenguni. Upande huo unabebeshwa kitu kizito ambacho upande mwingine hauna. Gari likiwa na hicho kitu, linasimama sawa, na anayelitazama barabarani haoni neno. Likiwa halina, linainama. Waliolitengeneza walitaka lionekane jema likiwa limejaa. La tupu hawakulijali, maana nani anasimamisha lori tupu?

"Kizito kiasi gani?"

"Tujaribu."

Jirani alikuwa anajenga stoo, na alikuwa na mifuko ya saruji. Waliiazima, wakaipakia mmoja mmoja juu ya lori, yote ikapangwa upande wa kulia, karibu na gurudumu la nyuma. Kila miwili, Kondo alipima. Watu wachache wa Msamvu walikuja kutazama, wakaona hakuna cha maana, wakaenda zao. Mfuko wa kumi ulipowekwa, lori lilikuwa limesimama sawa kabisa. Nusu tani. Kwenye benchi, Stephano alikuwa ameacha kutazama saa.

Nusu tani ya kabichi inajaza nafasi kubwa, na mtu haipangi upande mmoja. Hiki kilikuwa kitu kidogo cha kuficha na kizito cha kubeba, na mahali pake hapakuwa juu ya bodi mbele ya macho ya watu. Mhando alisema anataka kuona chini, upande wa kulia, vizuri. Kondo akaliinua lori kwa jeki yake kubwa ya mafuta, aliyoisimamisha chini ya chesisi, akafungua magurudumu mawili ya nyuma kulia. Mifuko ya saruji ilibaki juu. Alipogeuka kufuata magogo ya kuegemeza, Stephano aliinuka haraka, akasema fundi asisumbuke, magogo atayaleta yeye, yako wapi? Kondo akamwelekeza nje ya banda, akaingia chini. Mhando akavua koti, akamfuata.

Chini kulikuwa na harufu ya grisi na udongo mbichi. Kondo alimulika. Kati ya boriti ya chesisi na sakafu ya bodi, upande wa kulia peke yake, palikuwa na sanduku la mbao, refu kama mtu mzima aliyelala, limepakwa lami lifanane na uchafu. Boliti zake zilikuwa mpya. Kifuniko kilifunguka kwa chini. Mhando aliingiza mkono, akatoa majani makavu ya mgomba yaliyosagika, kisha akapapasa pembeni, akatoa kipande chembamba kama ganda la yai, cheupe kilichopauka, upande mmoja laini. Alikiweka kwenye mwanga. Hakuhitaji kuambiwa. Ng'ambo ya milima, upande wa Kisaki, ndiko mbuga inakoanzia, na kuna njia za miguu zinazopanda kutoka huko na kuteremkia Mgeta. Ndovu waliuawa kule, pembe zikavuka mlima vichwani mwa watu, zikaingia humu, na juu yake zikapangwa kabichi.

Alikifunga kipande kwenye leso. Alipogeuka, aliona kwamba Kondo haangalii sanduku. Alikuwa anaangalia springi ya kulia, mahali zilipofungwa boliti zake. Kwenye kila nati palikuwa na alama mbili ndogo za patasi, zimepigwa ili nati isifunguke.

"Inspekta," Kondo alisema kwa sauti ya chini sana. "Hii kazi ni yangu."

Mkono wa Mhando ulikuwa umekwenda kiunoni.

Fundi alieleza kwa kunong'ona, maneno yakifuatana haraka. Springi ililetwa kwenye mkokoteni, peke yake, bila gari. Mteja alisema ni ya trela la shamba la mkonge, akataka iongezwe majani mawili. Lilikuwa jambo la mwezi uliopita. Kondo aliitengeneza, akampa pamoja na boliti zake na nati alizokwisha kuzipiga patasi kidogo, akamwonyesha jinsi ya kumalizia. Mteja alikuja jioni, amevaa kofia na koti la mvua, hakuongea sana. Lakini fundi huangalia viatu, alisema, kwa sababu nusu ya maisha yake anayaona magari na watu kutokea chini.

"Viatu gani?"

Kondo aliinua kidevu tu, akaelekeza kwa macho.

Hatua moja kutoka walipolala, kando ya jeki, palikuwa na viatu viwili vya kahawia vinavyong'aa. Magogo hayakuwepo.

Hakuna aliyetikisika. Mhando aliitazama jeki. Mpini wake ulikuwa umechomolewa, na ncha yake ilikuwa imeingizwa chini, kwenye kijiti cha kufungulia mafuta. Kikizungushwa nusu mzunguko, lori lingeshuka lenyewe, pamoja na mifuko kumi ya saruji, na hapakuwa na gurudumu la kulizuia. Alijua kwamba bastola isingemsaidia chochote; mtu aliyepigwa risasi mkono wake huzunguka pia.

"Fundi," alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu aliyechoka na kazi. "Kwa hiyo ni lile jani la zamani tu."

Kondo aliitikia. "Ndilo hilo. Na walioliuza huko mnadani waliongeza majani huku bila akili. Magari ya mkono wa tatu ndivyo yalivyo."

Viatu havikusogea. Kisha sauti ya Stephano ikauliza, kwa upole uleule, kama wameona kitu kingine huko chini.

"Mbao na tope," Mhando alisema. "Fungia gari lako jani, Ndugu Katibu, uondoke. Mimi nitaandika kwamba aliteleza. Fundi, tangulia kutoka, nina utando wa buibui machoni."

Kondo alitambaa kuelekea kushoto, akatoka. Mhando alimfuata, akisukuma kwa visigino, bila haraka, akiongea juu ya mvua. Kichwa kilikuwa kimekwisha kutoka, na kifua, aliposikia jeki ikipumua. Kondo alimshika makwapa akamvuta kwa nguvu zake zote. Chesisi ilitua juu ya sakafu kwa kishindo kilichopasua saruji, mifuko miwili ikaanguka ikapasuka, na vumbi jeupe likalijaza banda. Kiatu kimoja cha Mhando kilibaki chini.

Vumbi lilipotulia, Stephano alikuwa amesimama upande wa pili, anapangusa vidole vyake kwa leso.

"Jeki imechoka," alisema. "Poleni sana. Nimeshtuka."

Kwenye leso palikuwa na mafuta. Mhando alilizunguka lori akiwa na kiatu kimoja, akamshika mkono, akamfunga pingu. Stephano hakupambana. Aliuliza anashitakiwa kwa kosa gani, akaambiwa kwamba mashtaka yataanza na kifo cha Salum Mkoba, na baada ya hapo hakufungua kinywa tena. Walimtia ndani saa saba mchana. Aliketi kwenye kona ya mahabusu, akanyoosha mikunjo ya suruali yake, akafumba macho kama mtu anayengojea gari lake.

Utulivu ule ulimkera Mhando kuliko jeki. Alirudi bandani. Alimwuliza Kondo kila kitu tangu mwanzo, na safari hii fundi akasema jambo ambalo kule chini hakuwahi kulimaliza. Mteja yule alileta springi mbili, wiki moja ikipishana. Zote za kulia.

Hivyo kulikuwa na lori la pili, na Stephano hakuwa na haja ya kulitaja. Likiwa limejaa lisingetambulika. Lakini lililopeleka mzigo lazima lirudi tupu, na njia ya kurudi ni moja, inapita hapa Msamvu kabla ya kukata kwenda Mlali. Mhando aliwaweka askari wawili barabarani, akasimama nao, fundi ubavuni mwake. Wingu lilikuwa limeushukia Uluguru mpaka nusu, na milima iliyobaki ilionekana nyeusi. Malori yalipita, ya mahindi, ya mbao, ya serikali. Kondo aliyatazama yakija, akatikisa kichwa.

Saa kumi lilikuja moja la kijani, tupu, turubai limekunjwa. Kondo hakuhitaji tepu. Alimgusa Mhando kwenye kiwiko.

Mhando aliingia barabarani akainua mkono. Lori lilipunguza mwendo mapema mno, kama kwamba dereva alikuwa amekwisha kukanyaga breki kabla ya kumwona, likasimama. Dereva aliteremka peke yake. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alinyoosha mkono wenye ufunguo kabla hajaulizwa neno, akajitambulisha kuwa ni Kibwana Mlanzi, wa kijiji jirani na Lumbwe.

"Nangoja mtu anisimamishe tangu Ijumaa," alisema.

Mhando alimwuliza aliona nini. Kibwana alisema alikuwa nyuma ya Salum, ukungu mwingi, akawakuta Salum na Stephano wamesimama ukingoni pale kwenye kona. Salum alimpungia. Stephano alimwashiria apite, naye akapita. Jioni ileile Stephano alikuja kwake, akanywa uji, akamtajia watoto wake wote kwa majina, mmoja mmoja, hata yule wa wiki mbili, kisha akaaga vizuri.

"Stephano tunaye ndani," Mhando alisema. "Sasa nieleze ulikoshusha mzigo. Nyumba ya nani?"

Kibwana alitazama barabara pande zote mbili, kisha akatazama mlima.

"Stephano ni wa kupakia tu, afande. Wakisikia amekamatwa, wataanzia kwangu. Tuma kwanza gari likawachukue watoto na mama yao. Nikiona gari limekwenda kuwachukua, nitakutajia."

Mhando hakubishana. Aliwaita askari wake wawili, akawapa jina la kijiji na la mke, akawaamuru wapande Land Rover na bunduki, wasisimame popote. Yeye na Kondo na dereva wakabaki kando ya barabara, karibu na lori lililoinama. Land Rover ilikata kuelekea Mlali, ikaonekana ndogo, ikaingia kwenye ukungu. Hapo ndipo Kibwana alipokaa chini juu ya nyasi zilizolowa, akafunika uso kwa mikono, akalitaja jina la mtu na la mtaa, na Mhando, aliyekuwa amekwisha kufungua daftari, ilimbidi amwombe alirudie, kwa sababu jina lile alilifahamu.